Jiwe Litoke Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kukusanya na Kupiga Picha Madini yenye Mionzi

Picha tatu hunifikia tena na tena, wapigaji wakiwa tofauti. Ya kwanza ni autuniti, madini ya urani, chini ya taa ya UV (urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho): badala ya vibamba vya fuwele unaona doa moja la kijani lisilo na umbo, utadhani mtu amemwaga rangi. Ya pili ni uraniniti, nayo ya urani, jiwe jeusi juu ya kitambaa cheusi, lina nukta nyeupe kali katikati na kwingine kote ni giza. Ya tatu ni picha nzuri kabisa, ila maelezo yake hunitia baridi: "Nilihangaika nalo saa nzima, nikalipuliza vumbi mara kadhaa."

Makosa haya yote yana mzizi mmoja. Mpiga picha alitoa jiwe kwanza, ndipo akaanza kuwaza habari za taa, umbali na fokasi. Kwa jiwe la kawaida hakuna neno. Kwa jiwe lenye urani au thori, elementi mbili zinazotoa mionzi, utaratibu unageuzwa: meza yote inapangwa kwa kutumia jiwe bandia, na jiwe lenyewe linatoka mwisho, likapigwa kwa dakika chache na kurudi ndani kabla ya kitu kingine chochote.

## Vifaa

Vya kujikinga na kupima

- Glovu za nitrili, jozi kadhaa
- Barakoa ya kuchuja chembe, ya kiwango cha FFP2 au N95 kwenda juu
- Trei mbili za plastiki zenye kingo, za kazi hii tu
- Karatasi nene za kufutia na chupa ya kunyunyizia maji
- Mifuko ya zipu na visanduku vya akriliki vyenye mfuniko unaobana
- Kipimamionzi cha Geiger, na kama uwezo upo chagua chenye dirisha pana na jembamba
- Kipande cha akriliki au alumini cha unene wa milimita 3
- Daftari, lebo, kalamu ya wino usiofutika

Vya picha

- Kamera unayoweza kuiendesha kwa mkono, tripodi, na rimoti
- Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105
- Taa mbili za LED na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile ya kunakilia michoro
- Kadi nyeusi na nyeupe, kadi ya kijivu, rula fupi
- Tochi ya UV ya nanomita 365 yenye kioo cheusi cha kuchuja mbele, pamoja na miwani ya kuzuia UV
- Jiwe bandia: jiwe lolote la kawaida lenye ukubwa, rangi na mng'ao unaokaribiana na lile utakalopiga

Kuhusu lenzi, wengi huuliza kama ya milimita 50 au 60 haitoshi. Inatosha kwa picha, haitoshi kwa nafasi. Lenzi ndefu inakuacha mbali zaidi na jiwe kwa ukubwa uleule wa picha, na umbali huo unakupa mambo mawili: mahali pa kuweka taa, na mionzi pungufu kwenye mikono yako.

Vya kuacha kabatini

Mahameli, brashi, kipulizio cha mpira na taa za halojeni. Kwa wapiga picha wa vitu vidogo hivi ni vifaa vya kila siku, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mkono huvifuata wenyewe. Nilijifunza hilo siku nilipoweka kipande cha kanotiti juu ya mahameli meusi. Kanotiti ni madini ya njano, mengi yake ni unga tu uliojishikiza kwenye mchanga. Niliona kichembe kikikaa vibaya, nikabonyeza kipulizio. Kichembe kiliondoka na wenzake wote: alama ya njano yenye umbo la feni ilitanda kwenye kitambaa, na hakuna namna ya kufuta unga uliokwisha kuzama katika nyuzi. Kitambaa kiliingia kwenye mfuko wa zipu na hakijatoka hadi leo.

Sahani za risasi, ile metali nzito ya kuzuia mionzi, nazo hazihitajiki kwa mawe madogo. Umbali ni kinga ya bei nafuu zaidi, na haikuachii sumu ya risasi mkononi.

## Hatari iko wapi hasa

Aya chache tu hapa, maana ukilielewa hili hatua zote zinazofuata utazijua sababu zake.

Madini ya urani hutoa mionzi ya aina tatu. Alfa huzuiwa na karatasi. Beta nyingi huzuiwa na milimita chache za plastiki au alumini. Gama hupita, lakini hupungua haraka kwa umbali. Tuseme kipimo chako kinaonyesha mikrosiveti 20 kwa saa (siveti ni kizio cha dozi ya mionzi mwilini) ukiwa sentimita 5 kutoka kwa jiwe dogo. Rudi hadi sentimita 50: umbali umeongezeka mara 10, kipimo kimeshuka takriban mara 100, umebaki na 0.2. Kiwango cha ziada kinachopendekezwa kimataifa kwa mtu wa kawaida kisizidi milisiveti 1 kwa mwaka, yaani mikrosiveti 1,000, mbali na mionzi ya asili na ya hospitali. Dakika kumi za kazi nzuri hazikukaribishi huko.

Cha kuogopa zaidi ni kinachoingia mwilini. Alfa isiyoweza kupita karatasi inakuwa adui ikiwa chembe yake imelala ndani ya pafu. Urani yenyewe pia ni sumu kwa figo. Halafu kuna radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayozaliwa ndani ya jiwe bila kukoma. Radoni ya urani hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8 hivi, kwa hiyo ina muda wa kutosha kujikusanya chumbani.

Kwa ufupi: vumbi kwanza, gesi pili, mionzi ya kutoka nje tatu. Wanaoanza huogopa kwa mpangilio wa kinyume, ndiyo maana unamwona mtu amenunua risasi huku akipuliza jiwe kwa mdomo.

## Hatua ya 1: Uliza ruhusa kabla ya kuokota

Katika nchi nyingi kuna mamlaka mbili zinazohusika: ya madini na ya kinga dhidi ya mionzi. Uliza zote mbili kiasi gani mtu binafsi anaruhusiwa kumiliki, na kama jiwe linaweza kusafirishwa. Mwenye ardhi ni wa tatu.

Usilitie jiwe hata moja kwenye posta au begi la ndege bila kujua kanuni zake. Mipaka na bandari nyingi zina vigunduzi vya gama. Jiwe dogo la uraniniti linaweza kuvipigia kengele, na maelezo yako hapo yatakuwa marefu.

## Hatua ya 2: Okota juu ya ardhi, si ndani ya shimo

Sehemu bora kwa mkusanyaji ni malundo ya mawe yaliyotupwa nje ya machimbo ya zamani. Usiingie kwenye handaki. Mbali na paa kuporomoka na hewa kukosa oksijeni, handaki la urani lisilo na upepo hujaa radoni, na barakoa ya kuchuja chembe haizuii gesi.

Kabla ya kulikaribia lundo, simama mbali upime mionzi ya kawaida ya mahali pale kwa dakika tano, uandike. Bila namba hiyo vipimo vyote vinavyofuata havina maana. Kisha tembeza kipimamionzi polepole, sentimita 2 juu ya mawe, upepo ukiwa mgongoni. Watu hukosa mawe mazuri kwa sababu ya haraka: bomba la Geiger linahitaji sekunde kadhaa kuonyesha badiliko, nawe umeshapita.

Likipatikana jiwe:

- Lilowanishe kwa maji kidogo kabla ya kuligusa, isipokuwa lina vibamba laini vya kijani au njano. Hayo huchukuliwa pamoja na mwamba wake, bila maji.
- Usilipasue. Nyundo inatengeneza vumbi lilelile tunalolikimbia. Chukua lililovunjika lenyewe.
- Funga kwa karatasi, tia kwenye mfuko wa zipu, kisha ndani ya mfuko wa pili. Lebo iwe kati ya mifuko miwili ili isichakae.
- Andika mahali papo hapo. Jiwe lisilo na asili ni kokoto tu, hata liwe zuri namna gani.

Wapenzi wa mawe wana tabia ya kulamba jiwe ili rangi yake ijitokeze. Wengine hatujui hata kama tunafanya hivyo. Hapa ulimi ubaki kinywani. Usile, usinywe, usivute sigara mpaka umenawa.

Umefaulu ikiwa ukipima viatu, mikono na nje ya begi kabla ya kuondoka unapata namba ileile uliyoiandika mwanzo.

## Hatua ya 3: Pima kwa uaminifu

Hapa watu hudanganywa na kifaa chao wenyewe. Vipimamionzi vingi vimesawazishwa kwa gama ya sizi-137 (Cs-137), elementi yenye mionzi inayotumiwa kusawazishia vifaa. Ukikiweka uchi juu ya jiwe, beta nazo zinaingia, nacho huzihesabu zote kana kwamba ni gama. Namba ya mikrosiveti inayotoka imetiwa chumvi.

Fanya vipimo viwili. Cha kwanza bila kizuizi, ukiandika idadi ya mapigo kwa dakika. Cha pili ukiwa umeweka kile kipande cha milimita 3 kati ya jiwe na kifaa. Hapo ndipo mikrosiveti kwa saa inakaribia ukweli. Andika umbali wa vipimo vyote viwili, kwa mfano kwa kugusana na kwa sentimita 10, pamoja na aina ya kifaa. "Jiwe langu lina mapigo 8,000" bila umbali wala kifaa ni majigambo, si kipimo.

Usikimbilie kutafsiri namba ndogo. Mionzi hutokea kwa kubahatisha, hivyo mapigo 30 katika dakika moja yanaweza kuwa 25 au 36 dakika inayofuata, na hakuna kilichobadilika. Hesabu dakika tano, ugawanye.

## Hatua ya 4: Hifadhi kabla ya picha, si baada ya picha

Kila jiwe liwe na kisanduku chake cha akriliki, na kisanduku kiwe ndani ya kabati linalopitisha hewa kwenda nje. Chumba cha kulala hapana. Mahali watoto wanapofika hapana.

Kisanduku kinachobana hulisaidia jiwe pia. Autuniti na torberniti zina maji ndani ya fuwele zao. Hewa kavu au joto la taa vikiyanyonya, autuniti hugeuka meta-autuniti: vibamba vinafifia, vinaachana kama kurasa za kitabu kilicholoa na kukauka, vinaanza kudondoka. Fuwele iliyodondoka ni vumbi jipya. Ndiyo sababu halojeni imebaki kabatini.

Kisanduku kilichofungwa kwa wiki nyingi kimekusanya radoni. Kifungue dirishani, uso ukiwa umegeuzia pembeni, ukisubiri dakika chache kabla ya kuinama juu yake.

## Hatua ya 5: Panga meza yote kwa jiwe bandia

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Tandika karatasi kwenye trei, juu yake weka kadi nyeusi. Kadi, kwa sababu ikichafuka inatupwa, na uso wake laini unafutika. Kwa kulishikilia jiwe liwe wima, tumia kifuniko cha chupa au pete iliyokatwa kutoka kwenye bomba la plastiki. Udongo wa plastisini unafaa ikiwa umeufunika kwa nailoni nyembamba, la sivyo utang'oa chembe kila utakapolitoa jiwe.

Weka jiwe bandia. Sasa fanya kila kitu kana kwamba ndilo lenyewe.

Umbali na fremu. Sogeza tripodi mpaka jiwe lijaze theluthi mbili za fremu. Kama jiwe bandia ni dogo kuliko lenyewe, utalazimika kupanga upya huku jiwe lenye mionzi liko mezani. Pima kwa rula.

Tundu la lenzi. Jaribu f/5.6 hadi f/8. Kulifunga hadi f/22 ili kila kitu kiwe wazi ni kosa la kawaida: mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima hulegea.

Idadi ya picha za kuunganisha. Kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayotoka wazi, katika makro ni chembamba mno, ndiyo maana hupigwa picha nyingi za fokasi tofauti na kuunganishwa kuwa moja. Katika ukubwa wa 1:1, f/5.6, unapata chini ya milimita moja iliyo wazi. Kamera ikipangwa isogeze fokasi yenyewe kwa milimita 0.3 kila picha ili zipishane, jiwe lenye kina cha milimita 10 linataka picha kama 34. Kwa sekunde tatu kila moja, chini ya dakika mbili. Andika hatua na idadi kwenye daftari. Usizihesabu kichwani wakati jiwe liko nje.

Mwanga. Elekeza taa mbili kupitia ile karatasi nyembamba, moja karibu na upande, nyingine dhaifu zaidi upande wa pili. ISO 100, faili za RAW, mizani ya weupe ipimwe kwa kadi ya kijivu.

Piga mzunguko mzima, ufungue picha kwenye kompyuta, uzikuze. Kama jiwe bandia halijatoka vizuri, hilo lingine halitatoka. Rudia mpaka uridhike. Hapa una siku nzima.

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kuondoka chumbani, kurudi, kuweka jiwe lingine la ukubwa uleule na kupata picha nzuri bila kugusa chochote isipokuwa rimoti.

## Hatua ya 6: Toa jiwe, piga, rudisha

Dirisha wazi, lakini feni imezimwa. Barakoa na glovu. Fungua kisanduku ndani ya trei, shika jiwe kwenye mwamba wake na si kwenye fuwele, liweke, rekebisha fokasi ya kwanza, rudi nyuma mita moja na nusu, bonyeza rimoti.

Ukiona kichembe kibaya juu ya jiwe, kiache. Programu ya picha itakifuta bila kukurushia chochote puani.

Baadhi ya mawe yana tabia zake:

*Uraniniti ya mabonge kama figo* huakisi taa kama kijiko. Kila kibonge kinabeba nukta yake nyeupe. Izungushie karatasi ya kunakilia michoro iwe kama kibanda cha duara, taa zikipiga kutoka nje, na nukta zinageuka mistari laini inayoonyesha umbo. Usiue mng'ao wote kwa vichujio. Jiwe jeusi linaonekana kwa mng'ao wake, ukiuondoa unabaki na kivuli cha kiazi.

*Torberniti* ina vibamba vya kijani vilivyo bapa kama vioo vidogo. Zungusha trei, si jiwe, mpaka kibamba kimoja kiakisi taa na vingine vibaki na rangi. Mzunguko huu ufanye kwa kutazama skrini, si kwa kuinamia jiwe.

*Kuprosklodowskiti*, sindano za kijani ambazo machimbo ya Musonoi huko Kongo yamezipa sifa, hupendeza kwa mwanga wa kutoka nyuma. Sindano hizo hazivumilii kuguswa hata kidogo. Picha ya upande mmoja itatosha.

*Kanotiti* na kila kilicho cha unga hakitoki kwenye kisanduku. Tafuta kisanduku chenye mfuniko wa kioo safi, piga kupitia kioo, na ukate tundu la ukubwa wa lenzi kwenye kadi nyeusi uiweke mbele ya kamera ili chumba kisijione kwenye kioo.

Picha moja iwe na rula pembeni. Hiyo haina haja ya kuunganishwa.

Umefaulu ikiwa tangu kisanduku kilipofunguliwa hadi kilipofungwa saa imehesabu dakika kumi au pungufu. Zikizidi, kuna kitu hukukipanga katika hatua ya 5. Rudisha jiwe ndani kwanza, ndipo utafute kosa.

## Hatua ya 7: Picha ya UV

Hii ndiyo picha kila mtu anaitaka na wengi huiharibu. Ipange nayo kwa jiwe bandia. Kipande cha kioo cha zamani chenye urani kikipatikana kinafaa sana kwa majaribio.

Kwanza ujue kipi kinawaka. Autuniti, ambayo imepewa jina la mji wa Autun nchini Ufaransa, hutoa kijani-njano kikali. Torberniti, ndugu yake wa karibu, haitoi kitu, kwa sababu shaba iliyomo huuzima mwanga huo. Uraniniti na kanotiti nazo ni kimya. Kwa hiyo jiwe kutowaka si ushahidi kwamba halina urani, na mawe mengi yanayowaka hayana mionzi yoyote.

Tochi za nanomita 395 hazifai. Zinamwaga urujuani unaoonekana kwa macho, nao unafunika jiwe lote. Hata ya 365 inahitaji kile kioo cheusi mbele. Ukitumia taa ya nanomita 254, vaa miwani na mikono mirefu, maana hiyo huunguza macho na ngozi.

Jaribu kadi yako chini ya UV kabla ya kazi. Karatasi nyingi nyeupe hung'aa bluu kwa sababu ya kemikali za kuzifanya zionekane nyeupe, na unyuzi mmoja wa pamba huonekana kama radi kwenye picha. Plastiki za visanduku nazo, nyingine hung'aa, nyingine huzuia UV isipite.

Kisha mipangilio:

1. Zima taa zote, funika hata vitaa vidogo vya chaja.
2. Mizani ya weupe iwe ya mkono, karibu 5500 K. Ikiwa ya kujiendesha, kamera itajitahidi kuiondoa kijani, ambayo ndiyo unayoitafuta.
3. Anza na f/8, ISO 200, sekunde 4.
4. Wakati shata iko wazi, zungusha tochi taratibu kulizunguka jiwe kutoka umbali wa sentimita 30 au zaidi, ili mwanga usiwe na kivuli kigumu.
5. Tazama histogramu (mchoro wa viwango vya mwanga kwenye picha) ya rangi moja moja, si ile ya jumla.

Namba 5 ndiyo dawa ya lile doa la kijani lisilo na umbo. Karibu mwanga wote wa autuniti uko kwenye kijani. Histogramu ya jumla inaweza kukuambia picha ni giza huku chaneli ya kijani imegonga ukuta zamani na vibamba vyote vimeyeyuka pamoja. Punguza muda mpaka mlima wa kijani uachie nafasi upande wa kulia. Kwenye skrini ya kamera picha itaonekana hafifu mno. Iache hivyo. Anayetumia simu afunge fokasi, ashushe mwangaza kwa hatua mbili, na asiiamini skrini vilevile.

Watu hunitumia picha zenye vidoa vyeupe wakifurahi kwamba "mionzi imeonekana." Mara nyingi ni pikseli za kamera zilizopata joto kwa sababu ya muda mrefu wa shata. Funika lenzi, piga kwa muda uleule bila jiwe. Vidoa vikiwa mahali palepale, ni vya kamera yako.

## Hatua ya 8: Safisha, pima, subiri, pima tena

Jiwe limerudi, kisanduku kimefungwa. Nyunyizia kadi na trei maji kidogo, futa kwa karatasi ukiikunja ndani kila unapopitisha, usirudishe upande uliokwisha futa. Karatasi, kadi na glovu ziingie kwenye mfuko mmoja. Vua glovu kwa kuzigeuza ndani nje. Nawa kwa sabuni. Usisuuze trei wala jiwe kwenye sinki la vyombo.

Kisha pima meza, trei, mikono, na lenzi upande wa mbele. Kama trei au kisanduku kitupu kinasoma juu ya kawaida, usifadhaike mara moja. Radoni huacha watoto wake, yaani elementi inazogeuka inapooza, wakiwa wamejibandika kwenye kuta za kisanduku, nao hudumu muda mfupi. Ondoka, rudi baada ya saa nne. Namba ikiwa imeshuka hadi ya kawaida, ilikuwa radoni. Ikibaki palepale, ni vumbi, futa tena. Kwa mawe ya thori, kama monaziti, usitegemee saa nne: watoto wa gesi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 10.6 hivi, hivyo pima tena baada ya siku tatu.

## Hatua ya 9: Kompyuta

Unganisha picha kwa programu yoyote ya kuunganisha fokasi, ukianza na njia inayolinda maelezo madogo. Futa vile vichembe ulivyoviacha. Kwenye picha ya UV usiongeze ukolevu wa rangi hata kidogo. Autuniti haihitaji msaada.

Jina la faili libebe namba ya jiwe iliyoko kwenye lebo, aina ya mwanga na tarehe. Kwenye maelezo andika umbali na kifaa ulichopimia mionzi, na kwamba picha ya UV ilipigwa kwa nanomita ngapi. Halafu rudi kabatini uhakikishe kila kisanduku kimebana, kwa sababu mfuniko unaosahaulika ni ule wa jiwe la mwisho, pale mtu anapokuwa ameshaanza kutazama picha zake.